Jirani Aliyekimbia Wakati wa Baridi

Jirani yangu alitoka Kindu, mimi nilitoka Uvira, na pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, ukuta mmoja wa matofali mabichi ndio uliotutenganisha. Nilimsikia akiswali Alfajiri, nilimsikia akipuliza makaa. Alinipita umri kidogo, kwa hiyo nilimwita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu, naye aliniita mudogo wangu. Aliuza dagaa na mafuta ya mawese sokoni. Mimi nilishona nguo barazani. Tuliazimana chumvi na kiberiti, tulisalimiana vizuri kila siku. Kuaminiana lilikuwa jambo jingine.

Asiyewahi kuishi kambini anaweza kufikiri kwamba watu waliopatwa na shida moja hupendana upesi. Kila mmoja wetu alifika na habari zake, na habari hizo alizisimulia kwa namna moja ofisini na kwa namna nyingine nyumbani. Mtu hujifunza kutouliza. Hujifunza pia kutoacha kutazama.

Mwaka ule baridi ya mwezi wa sita ilikuwa kali. Dowa, wilaya ilipo kambi, ni nchi ya juu, na mahindi yakishavunwa hakuna kinachozuia upepo. Asubuhi ukungu ulijaa njiani mpaka choo cha jirani hakionekani, na ile mvua nyembamba ambayo wenyeji huiita chiperoni ilidondoka siku nzima bila kulowesha ardhi vizuri. Watu walikaa wameizunguka babula, jiko letu la makaa, wakiwa wamejifunika mablanketi, na mazungumzo yote yalikuwa juu ya jua.

Katika baridi hiyo jirani yangu alianza kutoka nje alfajiri.

Nilisikia komeo la mlango wake. Kwenye ufa wa dirisha nilimwona amevaa koti jeusi la kiume, mtandio umefungwa kwa nguvu, suruali chini ya sketi ndefu, na miguuni viatu vya raba. Aliangalia kushoto na kulia, kisha ukungu ukammeza. Alirudi jua likijaribu kutoka. Hakubeba kuni, hakubeba maji, hakubeba chochote. Uso wake ulikuwa umelowa jasho.

Nilimwambia mume wangu. Alikuwa amekaa karibu sana na moto, akichoma kiazi.

"Jasho?" aliuliza. "Na baridi hii?"

"Jasho."

"Mutu hawezi kutoka jasho asubui kama hii bure. Kuko kitu anafanya."

Siku zile kambini kulikuwa na maneno kwamba kuna mtu anayepeleka habari zetu kwa wakubwa: nani ana biashara mjini, nani analala nje bila ruhusa. Hakuna aliyemjua mtu huyo, kwa hiyo angeweza kuwa yeyote. Asubuhi baada ya asubuhi nilisimama kwenye ule ufa, nikahesabu sababu zinazoweza kumtoa mwanamke kitandani wakati huo. Ana mwanamume kijijini. Anakutana na watu wa ofisi. Anaficha mali. Kila sababu niliyoipata ilikuwa mbaya.

Mwishowe niliamua kumfuata. Nilivaa sweta mbili, juu yake koti la mume wangu, nikajifunga kitenge kichwani, nikatoka na kandambili zangu. Aliponitangulia kidogo nikaingia njiani. Ukungu ulikuwa mzito, nikawa nafuata mlio wa hatua zake tu. Tulizipita nyumba za mwisho, tukaipita mikaratusi, tukashika njia ya vumbi inayokwenda vijijini. Hapo hatua zake zikabadilika, zikawa za haraka. Alikuwa anakimbia. Nami nikakimbia, koti likinipiga magotini, kandambili zikilia chap chap, nikiwa na hakika kwamba amenisikia na anatoroka.

Mara kukawa kimya. Nilipiga hatua chache zaidi na nusura nimgonge. Alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono kiunoni.

"We njo uko unanifwata?"

"Hapana, yaya," nilisema. "Mi niko nakimbia tu."

Alinitazama kuanzia kitenge cha kichwani hadi miguuni, macho yake yakakaa hapo miguuni kwa muda.

"Unakimbia."

"Njo, yaya," nilijibu, yaani ndiyo.

"Na kandambili."

"Njo."

"Basi kimbia."

Akageuka, akaenda zake mbio. Sikuwa na la kufanya. Nilikimbia nyuma yake kama mtu aliyefungwa kamba. Baridi iliniingia kifuani kama sindano, masikio yaliniuma mpaka kwenye meno, na chini ya yale makoti jasho lilianza kunitiririka likageuka barafu mgongoni. Kandambili moja ilikatika. Nilikaa kando ya njia nikihema, mate mazito mdomoni, nikamchukia kwa moyo wote. Baada ya muda akarudi. Hata hakuwa anahema sana.

"Kesho vaa kidogo," alisema. "Umevaa kama mutu anaenda kulala."

Kesho! Nilifika nyumbani nikiwa na nia ya kutotoka tena mpaka mwezi wa tisa. Lakini nilipofikiri vizuri niliona nimejifunga mwenyewe. Nisipokwenda, atajua kwamba nilimfuata. Mume wangu naye alifurahi.

"Enda," alisema. "Enda kila siku. Utaona anakutana na nani."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kukimbia, kwa uongo mmoja na hamu ya kumkamata mtu. Sokoni kwenye kaunjika, zile nguo na viatu vya mitumba, nilipata raba zilizonitosha. Nilijifunza kutoka na sweta moja tu na kuvumilia kutetemeka mlangoni, kwa sababu mwili wenyewe huwasha moto wake tukifika kwenye tanuri za matofali zilizo kando ya njia. Nilivaa soksi mikononi. Nilijifunza kuanza polepole mno, karibu na kutembea, kufunga mdomo na kuvuta hewa kwa pua ili ipate joto kabla ya kufika kifuani. Mambo haya yote alinionyesha yeye, kwa maneno machache, bila kugeuka.

Na wakati wote nilikuwa namchunguza. Hakukutana na mtu. Lakini pale juu ya kilima kidogo, ambapo mtandao wa simu hushika vizuri, alisimama kila siku, akatoa simu kwenye koti, akaisoma huku amenipa mgongo, kisha akairudisha.

"Ni nani, yaya?"

"Hakuna. Ni mutandao tu."

Mutandao tu! Nilirudi nyumbani nikamweleza mume wangu, akatikisa kichwa kama hakimu.

Sasa niseme jambo ambalo mume wangu sikumweleza. Asubuhi moja ya chiperoni tulikuwa tunateremka kuelekea bondeni. Matone madogo yalinipiga usoni, baridi yenyewe ilikuwa kali kama kawaida, lakini ndani nilikuwa na joto, miguu ilikwenda bila kuniomba ruhusa, na mvuke ulitupanda mabegani kama wa sufuria iliyofunuliwa. Nilimtazama yaya akifuka moshi, nikacheka. Naye akaniangalia, akacheka. Hakuna kilichotokea zaidi ya hapo. Lakini siku hiyo nilishona nguo nyingi kuliko kawaida na mgongo haukuniuma, na usiku nilijikuta nikingojea kuche.

Furaha hiyo niliitilia mashaka. Mtu wa makamo, mama wa watoto, anafurahia nini kwenye baridi? Baada ya kukimbia yaya alikuwa akinipa chai ya tangawizi mlangoni kwake, na wamama wa kwaya yangu, nilipowaambia, waliniuliza kwa sauti ya chini kama nimeona mwenyewe anachotia ndani yake. Siku mbili tatu nikasingizia tumbo. Nilikimbia bila chai. Furaha ilikuja vilevile, mahali palepale, baada ya tanuri za matofali. Nikarudia chai.

Kisha ikawa ile siku ya mbuzi.

Tulikuwa tumekwenda mbali kuliko siku zote, hadi kwenye mabanda ya kukaushia tumbaku ya kijiji kimoja, ukungu bado umelala. Wanaume wakatokea mbele yetu na fimbo. "Mbava!" walipiga kelele. Wezi. Wengine wakatokea nyuma. Kumbe usiku ule mbuzi wa mtu alikuwa ameibwa, na sasa wageni wawili walikuwa wanatoka kwenye ukungu mbio. Hata mimi ningejikamata.

Walitupeleka kwa mfumu, mkuu wa kijiji chao. Alikuwa mzee aliyejifunika blanketi mpaka shingoni, amekaa mlangoni pake karibu na moto. Watu walijaa uani. Yaya alinishika mkono.

"Mukuthawa chiyani?" mfumu aliuliza. Mnakimbia nini?

Kichewa changu ni cha kununulia nyanya, lakini hapo kilinisaidia. Kwa Kiswahili, anayekimbia hatari na anayekimbia kwa mazoezi ni neno moja. Wao wana mawili.

"Sitikuthawa, bambo," nilisema. "Tikuthamanga." Hatutoroki, baba. Tunapiga mbio.

"Kwa nini?"

Yaya akasema, "Kuzizira." Baridi.

Mfumu aliutazama moto wake, akatutazama sisi. Akasema kwamba mtu akisikia baridi hukaa karibu na moto. Watu wakacheka, lakini wale wenye fimbo hawakucheka. Mmoja alisema tulikuwa tunachunguza mazizi. Mwingine alisema wanawake hutangulizwa, wanaume hufuata usiku. Nilimsikia na nikashtuka, kwa sababu ndivyo mimi mwenyewe nilivyowaza kwenye ule ufa wa dirisha.

Mzee akainua mkono.

"Thamangani, tione," alisema. Kimbieni, tuone.

Tulikimbia. Tulizunguka uwanja wake, tukapita nyuma ya ghala la mahindi, kuku wakiruka huku na huku. Mwanzoni miguu yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine kwa hofu. Kisha yaya akaanza ile hatua yake ya kila siku, nami nikaingia ndani yake, hatua kwa hatua, mikono chini, midomo imefungwa. Tulizunguka tena na tena. Halafu mwanamke mmoja akapiga vigelegele, na wengine wakaanza kutupigia makofi kwa mpigo wa miguu yetu. Mfumu alitutazama vifua, sijui alitafuta nini. Mwishowe akasema basi.

"Hawa wanafanya hivi kila siku," aliwaambia watu wake. "Mwizi hajui kukimbia hivi. Mwizi anakimbia vibaya."

Tukasema zikomo, zikomo kwambiri, asante sana. Hata hivyo alimtuma mtu wa baiskeli atusindikize mpaka mwisho wa mashamba, naye alitufuata njia nzima, akituangalia mifuko.

Alipogeuza baiskeli tulikaa chini pale pale njiani tukacheka mpaka machozi. Kisha yaya akaacha kucheka kabla yangu.

"Unajua juu ya nini mi nakimbia?" alisema. "Siku ya kutoka kwetu, tulikuwa batu wengi. Mi njo nilichoka. Nilisema mupumuzike kidogo, banasema hapana, bakaendelea. Nilibaki pa njia peke yangu. Na nilikuwa na batoto." Alifunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. "Nikaapa miguu yangu haitanifanyia vile tena."

Nilimpa pole. Nilimshika bega. Na ndani yangu, Mungu anajua, kuna sauti iliyosema: labda. Kila mtu Dzaleka ana habari ya njia, na nimesikia zilizoshonwa vizuri sana. Hiyo ilikuwa na mshono mzuri. Lakini kama ni kweli, yeye ndiye mtu pekee niliyemjua aliyejifunza kukimbia baada ya hatari kupita.

Mwezi wa saba macho yalinisumbua kwa ajili ya kushona. Niliomba ruhusa nikaenda Lilongwe, mji mkuu, kwa mdogo wangu aliyeolewa na Mmalawi na anayekaa mtaa wa Area 25. Yeye alinipeleka City Centre kwa mtu wa miwani. Jana yake yaya aliniambia hatakimbia, anakwenda Dowa mjini kuuza dagaa. Tulipokuwa tunavuka barabara karibu na mabenki, nikamwona. Alisimama nje ya geti la ofisi moja ya mashirika, amevaa nguo za sikukuu, bahasha chini ya kwapa, akiongea na mlinzi kama watu wanaofahamiana.

Nilijificha nyuma ya gari lililoegeshwa.

"Ni nani yule?" mdogo wangu aliuliza.

"Hakuna," nilisema.

Njia nzima ya kurudi damu ilinichemka. Basi ilikuwa kweli, ndiye anayepeleka habari zetu! Wiki zote hizo, chai, vicheko, habari ya njia. Asubuhi niliyorudi kambini nilitoka kabla yake na nikakimbia mbele, kwa hasira, mpaka juu ya kile kilima. Akanikuta pale.

"Yaya," nilisema, "dagaa ya Dowa iliisha?"

Alivuta pumzi. "Uliniona."

"Nilikuona."

"Na haukunisalimia. Ulijificha, sawa?"

Akatoa simu, akaniwekea mbele ya macho, akairudisha kabla sijasoma.

"Dosye yangu ya kuhamia inchi ingine iko inatembea. Toka zamani. Njo naangaliaka message hapa. Nikikuambia we, utaambia bwana yako, bwana yako ataambia pa kanisa, kesho kambi yote itajua, na kesho kutwa kuna mutu atapeleka maneno mubaya juu yangu."

"Mi siwezi kusema maneno yako."

"Mudogo wangu," alisema, taratibu kabisa, "ule ukuta ni mwembamba. Kila asubui nasikia unamupatia ripoti."

Nilihisi baridi ya siku ya kwanza. Nilikumbuka mambo yote niliyoyasema kwa sauti kubwa upande wangu wa ukuta, kikombe chake cha chai kikiwa bado moto tumboni mwangu.

"Na uliendelea kukimbia na mimi?"

"Mutu anayenichunguza, ni bora akuwe pembeni yangu. Si nyuma." Akanyanyua mabega. "Halafu, pa ukungu, ni muzuri kuwa babili."

Tulirudi nyumbani. Kesho yake nilisikia komeo lake, nikatoka. Hatukuzungumza habari hiyo tena, na mume wangu nilimwambia kwamba mtandao ni mtandao tu. Tulikimbia hivyo mpaka mwezi wa nane, wakati upepo unapoanza kuleta vumbi. Nilikuwa simwamini, naye hakuniamini, na sijawahi kukimbia vizuri na mtu kama nilivyokimbia naye.

Asubuhi moja komeo halikulia. Nilingoja, nikaenda kugonga. Mlango ulikuwa na kufuli ambayo sikuijua. Gari lilikuwa limewachukua yeye na watoto wake kabla hakujapambazuka, na hakuaga mtu. Majirani walikuja kwangu mmoja mmoja. "We njo ulikuwa unakimbia naye, we unajua kwenye alienda." Niliapa sijui. Walinitazama kama mfumu alivyotutazama. Hata mume wangu alisema, "Kuko kitu unanificha." Sikuwa na kitu. Wengine wanasema yuko Kanada, wengine wanasema yuko Johannesburg na kwamba hakukuwa na dosye yoyote. Hajanipigia.

Nilikaa siku nyingi bila kutoka. Nilisema joto limeanza, nilisema kazi ni nyingi. Mwaka uliofuata baridi iliponikuta nilikuwa Area 25 tena, kwa miwani mipya. Niliamka kabla ya wengine, miguu ikiwa imechoka kulala. Nilivaa sweta moja. Nilipofungua mlango mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye korido na blanketi.

"Unaenda wapi na baridi hii?"

"Kukimbia."

"Kukimbia nini?"

"Kukimbia tu."

Nilianza polepole. Hakukuwa na tanuri za matofali, hakukuwa na kilima, kulikuwa na mabasi madogo yanayopasha injini moto na mama aliyekaanga mandasi, maandazi ya kule, chini ya mwavuli. Mbwa alinibwekea. Mlinzi wa duka alisimama akanifuata kwa macho mpaka nilipokata kona, nami sikumlaumu. Pumzi ilitoka nyeupe. Masikio yaliuma, kisha yakaacha, vidole vikafuata, na nilipofika kwenye barabara kubwa joto lilikuwa limenishika mwili mzima, peke yangu, bila hatua ya mtu wa kufuata. Nilikwenda mbali kuliko nilivyopanga.

Niliporudi mdogo wangu alinitilia uji. Alikaa mbele yangu akanitazama nikinywa, uso umelowa jasho, mashavu yanawaka.

"Dada," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini ili mume wake asisikie, "niambie ukweli. Uko na mutu huku?"

Nilimwomba sukari.